Sahani Anayoimaliza Kwako

6 Desemba

Wifi yangu Msusi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima. Mume wangu kikohozi kimemwachia, binti yangu amepata kazi ya kushona sare, na paka wa jirani amezalia tena kwenye kapu langu la nguo, kwa hiyo tumeongezeka. Ninyi je? Mdogo wangu bado anapanda nguzo za umeme asubuhi na tumbo tupu? Mwambie dada yake kauliza.

Naandika kwa kuwa simu imetushinda. Mara ya mwisho ulikata wewe, mara ya kabla yake nilikata mimi, na mumeo akasema bora dada na mkewe waandikiane, maana karatasi haipandi sauti. Haya, tuandikiane.

Baba atakuwa ameshapumzika na safari. Nimemwachia kwa shingo upande, lijue hilo mapema. Daktari ndiye aliyesema. Kila kiangazi Baba anakonda, mwaka jana alianguka bafuni kwa kukosa maji mwilini, na bati la nyumba yangu likishapata jua la saa sita, ndani hakukaliki. Kwenu kuna dari na upepo. Sawa. Lakini tulikubaliana ni miezi ya joto tu. Mvua ikianza, Baba anarudi kwangu.

Sasa chakula. Usinune, wifi, lakini ukoo mzima unajua ni nani aliyeunguza maji. Kwa hiyo nakuandikia. Asubuhi mayai mawili ya kukaanga na mkate wa siagi. Mchana nyama ya kukaanga na wali wenye mafuta ya kutosha, usiwe mkavu. Jioni vilevile. Hali vizuri, hilo nalijua, hata kwangu anasukumasukuma tu chakula kwenye sahani. Dawa yake ni kumpakulia kingi, usimame pembeni yake, umwambie, "Baba, kidogo tu." Usiondoke mpaka ameonja.

Na jikoni asiingie. Marehemu mama hakumwacha ashike hata kijiko, nami sijamwacha. Mtu aliyeendesha lori umri wake wote anastahili kukaa aletewe.

Mimi nalisha kiwanda kizima cha nguo, zamu tatu, wanakula na kulamba vidole. Usiniangushe kwa mtu mmoja.

Wifi yako,
Mpishi


20 Desemba

Wifi,

Salamu tumezipokea. Hatujambo. Mdogo wako anakula siku hizi kabla ya kutoka, usiwe na wasiwasi. Saluni imejaa, nimesuka mpaka vidole vimekufa ganzi, na kikaushio kimoja kimeungua, kwa hiyo wateja wanakaukia juani mlangoni wakinisema vibaya. Nimefurahi binti kupata kazi. Paka hongereni.

Baba yuko salama. Anakula. Asubuhi mapema, jua halijakaza, anakula uji mwepesi na chungwa au papai. Mchana hatumpi kizito: matango, nyanya, dengu zilizopoa zenye limao, maziwa ya mgando. Samaki wa kuchoma au maharage ni jioni, kukishapoa. Kukaanga tumeacha. Maji anakunywa siku nzima, kidogo kidogo, hangoji kiu. Kuna jagi mezani lenye vipande vya limao, nalo halikauki.

Sahani anaimaliza. Juzi aliongeza.

Nilikusikia kuhusu kusimama pembeni. Sijaona haja.

Wifi yako,
Msusi


2 Januari

Wifi yangu,

Hamjambo huko? Huku hatujambo ila kwa joto. Mume wangu analala kwenye mkeka barazani. Binti kashona mikono kumi ya kushoto bila hata mmoja wa kulia, lakini hawajamfukuza. Paka wamefumbua macho.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Anaimaliza? Baba yupi huyo? Baba ninayemjua mimi anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba, anashukuru kwa adabu, anarudi kitini. Mimi nalia jikoni. Nimekaanga, nimeunga, nimetia viungo, nimempelekea nyama laini isiyohitaji hata meno. Vijiko vitatu. Na wewe unamlisha tango anaongeza!

Nisamehe, lakini tango ni chakula gani? Tango ni maji yaliyovaa ganda. Mtu mzima mwenye mifupa ile anahitaji kitu cha kumshika. Au unatia chumvi katika maelezo yako ili nikose usingizi? Kama ni hivyo, umefaulu.

Na unasema "tumeacha kukaanga", "hatumpi kizito". Ni nyinyi nani? Mdogo wangu hajui hata kiberiti kilipo.

Niandikie hizo dengu zinapikwaje. Mwanzo mpaka mwisho, usinifiche hata punje. Nimejaribu mwenyewe kantini, nimezipoza na kuzikamulia limao, nikawapelekea mezani mafundi wa zamu ya mchana. Walikula kwa kunionea huruma. Kilikosekana kitu.

Wifi yako,
Mpishi


15 Januari

Wifi,

Salamu kwa wote, na pole na joto. Mwambie binti ya kulia itakuja. Sisi wazima. Mtaa wetu maji yanakatika mchana, tunajaza ndoo alfajiri.

Dengu unachemsha. Zikiiva unamwaga maji. Halafu limao, na kitunguu, na yale majani. Muda wake ni mpaka zinapokuwa tayari. Wewe mpishi, utajua.

Baba amenenepa. Mkanda wa suruali amesogeza tundu moja mbele. Tulimpeleka kwa daktari wa huku, akampima, akafurahi, akaniambia mbele za watu, "Mama, unajua kumlisha mzee wakati wa joto." Majirani nao wanasema baba mkwe wangu kang'aa. Mmoja kaja kuniomba nimfundishe, maana mama yake hali kitu tangu kiangazi kianze. Nimemwambia nina wateja.

Jana nilisuka maharusi mpaka jua linazama. Nilivyorudi nimechoka, chakula kiko tayari, nikala nikalala. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Baba anakusalimia. Kila siku anakusalimia.

Wifi yako,
Msusi


24 Januari

Wifi,

Leo salamu fupi. Wazima, wazima, paka wazima.

"Nilivyorudi nimechoka, chakula kiko tayari." Nani alikitayarisha?

Usijitie hamnazo. Umeandika mwenyewe. Mdogo wangu yuko juu ya nguzo, wewe uko saluni na kichwa cha bibi harusi mapajani, na chakula kiko tayari. Na dengu zako nimezisoma: "yale majani", "mpaka zinapokuwa tayari". Hivyo haandiki mtu aliyepika. Hivyo anaandika mtu aliyekula.

Kuna mwanamke hapo ndani, si ndiyo? Kama umeajiri mpishi kumlisha baba yangu, ungeniambia, ningemwandikia yeye badala ya kupoteza wino kwako. Na kama si wa kuajiriwa, kama ni Baba amepata mtu, niambie hilo nalo. Nitaketi chini kwanza, lakini niambie. Nimelala nikimwona huyo mwanamke: mnene kiasi, ana sauti ya pole, anakata matango mithili ya karatasi, na Baba anamwangalia. Nimemchukia mpaka kichwa kimeniuma.

Haya, acha niseme, maana hujui kuuliza. Nina wivu. Nina wivu wa kuniunguza maini. Wenzangu kantini wananiuliza, "Mzee hajambo?" nami nasema, "Hajambo, anakula vizuri," huku nikisikia kama nimemsifia mchumba wangu kwa mwanamke aliyemchukua. Unanenepesha mtu niliyeshindwa kumnenepesha mimi, na daktari anakusifia mbele za watu, nawe unanipelekea sifa hizo kwenye bahasha. Ungeweza kuziacha.

Nitumie picha ya Baba. Nataka kuona huo mng'ao kwa macho yangu.

Mpishi


9 Februari

Wifi,

Salamu. Picha hii hapa. Ilipigwa na mdogo wako Jumapili uani.

Hakuna mwanamke. Muda sina, wateja wamepanga mstari mpaka nje.

Msusi


15 Februari

Wewe,

Salamu sina.

Nimeipeleka picha kwenye mwanga wa dirisha. Kweli kanenepa. Mashavu yamejaa. Anacheka, na mimi sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akicheka kwenye kiangazi. Halafu nikatazama chini.

Kidole gumba cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa. Kifundo cha mkono kina alama ya moto, naijua alama hiyo, mimi ninazo nyingi, hiyo ni ya mdomo wa sufuria. Mikono ya shati imekunjwa. Tumboni shati limelowa, palepale linapolowa la mtu anayesimama kwenye karo la kuoshea vyombo.

Umemfanya baba yangu mpishi wako.

Huna haya? Baba mkwe! Wewe unakaa saluni unapiga soga, mzee wa watu anakumenyea vitunguu na joto lote hili. Ukirudi chakula kiko tayari, unakula, unalala, halafu daktari anakupongeza na wewe unaipokea pongezi na uso mkavu. Nilimkabidhi kwako ili apumzike. Mtu yule alishika usukani tangu mdomo wake haujaota ndevu. Mama yetu angefufuka leo angekufa tena kwa aibu.

Naja kumchukua. Mvua isubiri au isisubiri. Nimeomba ruhusa kazini, bosi kasema mwisho wa Machi, na mwisho wa Machi utaniona mlangoni.

Mpishi


8 Machi

Wifi,

Nimekaa na barua yako majuma kadhaa. Mara ya kwanza niliichana. Mdogo wako akaiunga kwa gundi, akaniambia, "Mjibu dada. Mjibu ukweli, hata Baba akikasirika." Kwa hiyo habari za nyumbani tuziweke kando.

Wiki ya kwanza nilifanya kama ulivyoagiza. Nilikaanga. Mayai yakawa kama soli ya kiatu, nyama ikaungua nje na ndani mbichi. Nilimpakulia kingi, nikasimama pembeni, nikasema, "Baba, kidogo tu." Akala vijiko vitatu. Akashukuru. Akarudi kitini. Unamjua.

Siku moja nilitoka alfajiri kwa ajili ya mteja, nikasahau kabisa chakula chake cha mchana. Nilikumbuka jioni. Nilikimbia njia nzima, ndala moja mkononi, nikijua nitamkuta sakafuni. Nikafungua mlango, nikamkuta jikoni amejifunga khanga yangu kiunoni, amekwenda sokoni mwenyewe, amekata matango, dengu zimepoa kwenye bakuli, jagi la maji ya limao liko mezani. Wifi, nilipiga magoti. Baba mkwe kavaa khanga yangu! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, "Baba, nisamehe, usinifedheheshe." Akasema, "Inuka mama, kaa ule. Hii siyo fedheha, hii ni njaa."

Nikala. Sijawahi kula vile.

Unajua alijifunzia wapi? Barabarani. Yeye na mwenzake wakivuka ile nyika kame, safari zile za wiki nzima, nani alikuwa anawapikia? Walipika wenyewe, kivulini chini ya lori. Walikula alfajiri na jioni, mchana vitu vya maji tu, matango na matikiti na machungwa, na maji kidogo kidogo, hata kama hawana kiu. Anasema dereva aliyekula nyama ya mafuta saa sita mchana walimzoa mtaroni saa tisa. Ndivyo mwili wake ulivyozoea kuishi kwenye joto. Yeye hapungukiwi hamu ya kula. Hawezi tu kula vile vyako wakati ule.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kukwambia. Alifikiri sana huku akikwangua karoti. Akasema, "Nyumbani kwangu nilikuwa mgeni. Narudi baada ya mwezi, mke wangu amechinja, amekaanga, watoto wamevaa viatu. Mgeni hasemi mafuta yamezidi. Baadaye nikastaafu, ikawa nimeshazoea kuwa mgeni." Halafu akasema, "Yule mwanangu nikishika kisu ananipokonya kwa upendo. Utamgombezaje mtu anayekupokonya kwa upendo?"

Akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utakuja kumchukua, na umesema utakuja. Ndiyo maana nilikuandikia zile dengu za kipumbavu. Sizijui, wifi! Nikisogea kuangalia ananiambia nikapumzike, nimesimama kutwa. Kidole alijikata mwenyewe akimwonyesha mdogo wako jinsi ya kukata bila kutazama. Walicheka mpaka nikaogopa.

Pongezi za daktari nilizipokea, hilo kweli. Hakuna aliyewahi kunisifia kwa chakula tangu nizaliwe. Nilitaka kujua zinaonjwaje.

Na sasa nikupe na wewe vidonge vyako. Unafikiri ni wewe tu mwenye wivu? Anakata nyanya, anasema, "Mpishi wangu angeiona hii." Anaonja chumvi, anasema, "Mpishi wangu ana mkono mzuri kuliko mimi." Kila tonge ninalokula humu lina jina lako. Mimi sikulelewa na baba. Nimempata mmoja ukubwani, wa kuazima, kwa miezi ya joto tu, naye ananipikia huku akikuwaza wewe. Nikimweleza habari za saluni anaitikia. Barua yako ikifika anaacha jiko linawaka.

Jana nilimuuliza kama mvua ikianza atarudi kwako. Alifunika sufuria kwanza. Baadaye akasema, "Nampenda mwanangu. Lakini kule nitakaa kitini tu."

Hajasema hatarudi. Hajasema atarudi. Mimi nataka abaki, nakuambia waziwazi, na ningeweza kunyamaza tu abaki. Mdogo wako ananiambia nimejikata mwenyewe kwa kukuandikia haya. Basi nimejikata.

Wifi yako,
Msusi


14 Machi

Wifi yangu,

Hamjambo? Sisi wazima. Binti sasa anashona mikono yote miwili. Paka tumewagawa, tumebaki na mmoja mwenye jicho la chongo ambaye hakuna aliyemtaka.

Barua yako niliisomea kantini, kwenye stoo ya viazi, nikafunga mlango. Walinigongea wakidhani nimezimia na joto. Nikawaambia nahesabu magunia.

Nilikasirika kwanza. Nilikukasirikia wewe, halafu Baba, halafu mama aliyekufa, halafu ile khanga. Halafu nikakumbuka siku zile alivyokuwa anarudi. Sisi tumevaa viatu kweli. Mama amekaanga tangu asubuhi, nyumba inanuka karamu, na mimi nambebea sahani kwa mikono miwili. Vijiko vitatu. Mama alikuwa anasema, "Amechoka na safari." Kumbe mwanamke yule alikuwa akiiona sahani ikirudi imejaa kila mwezi, akajipa jibu hilo, na mimi nikalirithi kama nilivyorithi sufuria zake. Na mimi ni mpishi! Mtu akirudisha sahani imejaa kantini, namfuata mpaka kwenye mashine kumuuliza imekosa nini. Kwa baba yangu sikuuliza. Nilikuwa nazidisha mafuta tu.

Lakini sitakuficha kinachoniuma zaidi. Tangu nizaliwe Baba hajanipa sahani mkononi hata siku moja. Kwako amefika na kwa wiki moja tu akakuandalia meza, wewe uliyeingia kwenye ukoo kwa harusi! Umekula chakula cha baba yangu kiangazi kizima. Mimi sikijui hata harufu. Ukisema umepiga magoti kwa aibu, mimi ningepiga magoti kwa kumeza mate.

Sasa msomee Baba sehemu hii, kwa sauti, na usipunguze neno.

Baba, jiko langu kuanzia alfajiri mpaka zamu ya mchana ishuke halina mtu. Mimi niko kiwandani, mume wangu kazini, binti kazini. Visu viko droo ya juu, kile kidogo ndicho kikali. Tumeweka dari ya mbao sebuleni na jikoni, mume wangu kapigilia mwenyewe, imepinda lakini inazuia joto. Soko liko palepale na yule mwenye matango bado anapunja. Sitapokonya kitu. Nikirudi mapema nitapitia barazani, nitakohoa kwanza. Na kama ukitaka kukaa kitini, kaa tu, ni kiti chako. Hata ukibaki huko sitakuja kukuvuta. Ile ruhusa ya kazini nimeirudisha.

Basi. Umemaliza kumsomea? Kama umepunguza neno nitajua.

Wifi yako,
Mpishi


29 Machi

Wifi,

Mvua imeanza huku tangu juzi. Nadhani na kwenu.

Nilimsomea. Sikupunguza neno, ingawa nilifika kwenye visu nikatamani kupunguza. Alisikiliza huku akipanga maganda ya machungwa kwenye sinia. Akasema nirudie pale pa kukohoa. Nikarudia. Akacheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema ni kitunguu, wakati hakukuwa na kitunguu. Kabla sijalala nikamwona ameshusha begi lake kutoka juu ya kabati.

Atakuwa kwako kabla ya barua hii. Mdogo wako alimpakia basini jana asubuhi na jagi la maji. Nilimshonea kishikio cha nguo, cha kushikia sufuria ya moto, nimekiweka mfukoni mwa koti, usikiondoe.

Jiko langu limepoa. Jana nilikaanga mayai. Mdogo wako aliyala yote kwa heshima, na nilivyomwona anatafuna nikajua Baba alivyokuwa anajisikia kwako. Leo nimejaribu dengu. Yale majani siyajui hata jina, na nilimwogopa kumuuliza, maana ningeuliza ningelia.

Sikutakii mabaya. Lakini kila ikifika saa ya chakula natazama mlangoni, na najua wakati huohuo wewe unakaribishwa kwako mwenyewe, nami moyo unanichoma. Kiangazi kijacho bati lako litawaka vilevile, dari au hakuna dari. Nataka lijulikane mapema.

Ila nifanyie jambo moja. Niambie siku ya kwanza alikupikia nini. Niambie ulikula ukajisikiaje. Na niambie kama alinitaja.

Wifi yako,
Msusi


12 Aprili

Wifi yangu,

Salamu nyingi sana. Mvua inanyesha, dari inavuja pale ilipopinda, mume wangu anasema ni muundo. Binti anakushukuru kwa mafuta ya nywele uliyompa Baba amletee. Paka mwenye chongo analala miguuni kwa Baba na kunitazama kama mpangaji.

Baba alifika salama. Siku ya kwanza alikaa kitini. Ya pili alikaa kitini. Nilienda kazini na kurudi, nikayakuta matango yaleyale niliyoyaacha, nikalala nimekutukana moyoni, maana niliona kwako aliinuka na kwangu hainuki. Siku ya tatu nimerudi nimelowa, nikakohoa barazani kama mgonjwa wa kifua, nikaingia.

Kishikio chako sijakiondoa. Nilitaka kukiondoa.

Nilimwambia akuandikie jina la yale majani, akakataa, akasema utakuja ujionee mwenyewe, nawe safari hii utasogea karibu hata akikufukuza. Njoo na mdogo wangu. Kiangazi kijacho tutagombana kikifika.

Umeuliza kama alikutaja. Alikutaja. Alikutaja kabla sijakaa, akakutaja nilipokuwa nanawa, akakutaja mdomo wangu ukiwa umejaa. "Msusi wangu angekuwepo." Wangu, kasema. Nimekufikishia kama ilivyo, na hujui imenigharimu nini.

Umeuliza pia alinipikia nini, na nikajisikiaje. Mimi nimelisha watu tangu mama alipofariki, na kabla ya jioni ile hakuna mtu aliyenivutia kiti akaniwekea sahani mbele. Alisimama mlangoni mpaka nimemaliza. Kilichokuwa ndani ya sahani ile sikuambii, wifi. Wewe ulikuwa na kiangazi kizima. Hicho kimoja ni changu.

Wifi yako,
Mpishi